Binti Ungo na Sauti ya Kwanza

Kwa heshima ya wale waliokosa gazeti la wiki iliyopita, kwa sababu muuza maandazi aliliona kabla yao, tunasema kwa ufupi. Angetile wa Ipinda, aliyemaliza kidato cha sita na sasa anasubiri matokeo, ana sauti. Ana pia baba. Vitu hivi viwili havijawahi kukutana mtandaoni.

Ndiyo maana Angetile huimba akiwa ameficha uso nyuma ya ungo wa kupepetea mchele, katikati ya shamba la kokoa, huku binamu yake Godwin akimrekodi kwa simu. Watu wa mtandaoni wamembatiza Binti Ungo. Wimbo wake wa "Ambilikile" umefika Tunduma, umefika Dodoma, umefika hata kwa bwana mmoja wa Muscat anayejiita Mume Mtarajiwa.

Wiki iliyopita tuliishia jikoni. Angetile alikuwa anasonga ugali. Baba yake, Mzee Lameck, mwalimu wa kwaya, mtu aliyetangaza mbele ya usharika mzima kwamba mwanawe akionekana mitandaoni simu itapitishwa kwenye mashine ya kukoboa mpunga, aliingia ghafla. Mkononi alikuwa na simu. Kwenye simu wimbo ulikuwa unalia. Akasema:

"Huyu binti namjua."

Mwiko ulisimama wenyewe kwenye ugali, na tone la moto likarukia kidole cha Angetile.

"Unamjua, Tata?" aliuliza Angetile. Sauti iliyotikisa Tunduma sasa ilikuwa ya kifaranga kilichonyeshewa.

"Namjua vizuri. Tena najua mpaka kwao."

Godwin, aliyekuwa mlangoni akimenya ndizi, alianza kurudi kinyumenyume. Kijana huyu alisoma bweni. Walimfundisha mengi huko, lakini alilolishika barabara ni kuondoka eneo la tukio bila kuonekana anaondoka.

"Godwin, simama hapo hapo."

"Nimesimama, mjomba. Ni miguu tu."

Mzee Lameck aliweka simu sikioni, kama mtu anayepima tikiti maji kama limeiva. Akafumba macho. Akafumbua.

"Huyu ni mtoto wa Ikolo."

Godwin alirudi kwenye ndizi yake.

"Wa Ikolo?" aliuliza Angetile.

"Sikiliza hiyo pumzi. Mtu wa Ikolo anavuta pumzi kabla ya neno, sisi tunavuta baada. Nimefundisha kwaya kabla ninyi hamjazaliwa. Sauti ya Ipinda naijua hata ikikohoa. Hii si ya Ipinda."

Sauti yenyewe ilikuwa imesimama mbele yake, imeshika mwiko.

Mtu mwenye akili timamu angeshukuru Mungu na kuendelea na ugali. Lakini Angetile ni msanii, na msanii akinusurika hufurahi, akisifiwa kwa jina la mwingine hukasirika.

"Mbona mimi naisikia ni ya Ipinda kabisa?"

Godwin alimkanyaga mguu.

"Wewe unajua nini?" Mzee Lameck alimtazama kwa huruma. "Kwenye kwaya nimekuweka sauti ya pili, na huko nako unasinzia. Mambo ya sauti ya kwanza waachie wenye vifua."

Hilo lilimchoma. Mlioimba kwaya mnaelewa. Sauti ya kwanza ndio wanaosikika mpaka barabarani. Sauti ya pili ni watu wazuri wanaovaa sare.

"Tena nikwambie," baba aliendelea, "Mungu amempa mtoto huyu kipaji, yeye anakitumia kumwimbia mwanamume. Ambilikile, Ambilikile! Ambilikile tunayemjua hapa si yule wa mashine ya mpunga?"

Kweli, yupo. Ambilikile wa mashine ya kukoboa, jirani na soko, kijana mpole mpaka wimbo ulipotoka. Tangu hapo ameacha kuvaa ovaroli. Amechapisha fulana iliyoandikwa kifuani MIMI NDIYE. Watu wa Dodoma waliandika chini ya video kwamba Ambilikile ni mchumba wa Binti Ungo. Wao hawajui Kinyakyusa, tunawasamehe. Lakini watu wa Kyela, wanaokijua Kinyakyusa tangu mgongoni mwa mama, nao waliamini. Mchumba ana utamu kuliko sarufi.

"Tata," Angetile alisema polepole, akijifanya anatazama moto, "kwani lazima liwe jina?"

"Ni nini basi?"

"Ni neno. Ambilikile. Ameniita. Mimi uliponipa jina Angetile, ulimaanisha nini?"

"Kwamba Mungu ameniangalia. Unajua hivyo."

"Basi mtu akiimba kwamba Mungu amemwangalia, atakuwa ananiimba mimi?"

Mzee Lameck alirudisha wimbo mwanzo, akasikiliza tena, midomo ikicheza.

"Ameniita, nami ninakwenda..." alinong'ona. "Gwe! Kumbe ni wimbo wa wito! Kumbe mtoto ana imani kuliko mchungaji!"

Akasimama wima kama anayepokea baraka.

"Namchukua. Namweka sauti ya kwanza. Leo hii."

"Leo?" Angetile na Godwin waliuliza pamoja.

"Hamjaona kwenye grupu la kwaya?"

Hapa msomaji makini atauliza, mzee anayelaani mitandao anafanya nini kwenye grupu? Swali hilo aliwahi kuulizwa. Alijibu kwamba grupu la kwaya si mtandao, ni huduma.

Aliwasomea, akishika simu mbali kama wanavyofanya wenye miwani iliyosahaulika. Ujumbe ulitoka kwa Bi. Marystella, mwanamke wa Bukoba mwenye studio Mbeya, ambaye anayempitisha kwenye kipaza sauti chake husikika redioni mwezi huohuo. Alikuwa ameandika:

"Binti Ungo, nipo sokoni Ipinda mpaka saa kumi jioni. Njoo na ungo wako, uimbe mbele yangu. Nikikutambua, tunaondoka pamoja kwenda kurekodi. Usipotokea, nafasi nampa mwingine."

"Umeona?" Mzee Lameck alifunga simu. "Mwanamke wa Mbeya anataka kuniibia sauti ya kwanza. Nami tangu Tereza aolewe Tunduma, sauti ya kwanza yangu ni kama bati lililopasuka, na mashindano ya jimbo hayo yanakuja. Nitamwahi. Koti langu liko wapi?"

Ugali hakuula. Koti alilivaa. Akapanda baiskeli.

Vijana wawili walibaki wakitazama vumbi.

"Godwin," alisema Angetile, "mwandikie Bi. Marystella sasa hivi, kwa akaunti yetu. Mwambie tukutane pembeni, hapa nyumbani, kokote kusiko na baba."

Godwin alikohoa.

"Kuhusu akaunti," alisema, "kuna taarifa fupi ya meneja."

"Taarifa gani?"

"Nilibadilisha neno la siri ili wezi wasiingie."

"Na?"

"Hakuna mwizi aliyeingia. Wala meneja."

"Umelisahau?"

"Sikulisahau. Lilikuwa la siri mno."

Angetile aliokota mwiko. Godwin alizunguka upande wa pili wa meza.

"Nimemwandikia kwa akaunti yangu!" alisema upesi. "Tangu asubuhi! Nimemwambia sisi ndio wenyewe. Amejibu kwamba Mabinti Ungo wote wanamwambia hivyo hivyo. Angetile, weka mwiko chini. Lazima uende sokoni."

"Tata yuko sokoni!"

"Utakuwa nyuma ya ungo."

"Na sauti je? Ataisikia."

Godwin alitabasamu tabasamu lile ambalo bwenini lilikuwa likimfanya mwalimu wa zamu ahesabu wanafunzi upya.

"Mtaalamu mwenyewe amekwisha sema. Hii ni sauti ya Ikolo."

Sasa tumzungumzie Bi. Marystella na kosa lake. Ni mwanamke mwerevu, mwenye masikio yanayodaiwa kusikia waya ukikatika chumba cha pili. Lakini hakuzaliwa Kyela. Alidhani ungo ni alama. Alidhani ukimwambia mtu aje sokoni Ipinda na ungo, siku ya soko, msimu wa mavuno ya mpunga, utamwona mara moja.

Alipofika aliweka kiti chake, kipaza sauti chake na spika yake mbele ya mashine ya Ambilikile, akainua macho. Kulikuwa na nyungo mpaka kwenye daraja.

"Dada, samahani," alimwendea mwanamke wa kwanza, "wewe ndiye Binti Ungo?"

"Mimi ni mama wa watoto sita nauza mchele. Sogea kidogo nipepete."

"Na wewe?"

"Ukinunua debe nitakuwa yeyote unayemtaka."

Na hao ni wenye kazi zao. Upande wa pili kulikuwa na wasichana waliokuja kwa ajili ya wito wenyewe, kila mmoja na ungo wake, kila mmoja amepaka mafuta mdomoni. Wengine walitoka Kyela mjini. Mmoja alitoka Itungi na ungo uliokuwa bado unanuka dagaa.

Pembeni ya Bi. Marystella alisimama Ambilikile wa mashine, ndani ya suti ya kaka yake, koti wazi ili fulana isomeke. Alikuwa amejitolea kusaidia utambuzi.

"Mimi ndiye mwenye wimbo," alimweleza mgeni. "Nikimsikia mpenzi wangu, moyo utashtuka."

"Vizuri," alisema Bi. Marystella, ambaye alikuwa amekwisha kukata tamaa na angekubali msaada hata wa mbuzi. "Aanze wa kwanza."

Wa kwanza alikuwa Nancy, mwenye saluni Kyela mjini. Ungo wake ulikuwa na maua ya plastiki. Aliuinua usoni, lakini si sana, nywele zilikuwa mpya.

"Ambilikileee, mpenzi weee, njoo unichukueee!"

"Ndiye!" alipiga kelele Ambilikile. "Moyo umeshtuka!"

Akaja wa Itungi. Aliimba kama anayeita mtumbwi.

"Ndiye huyu!" alisema Ambilikile.

Akaja wa tatu, ambaye hakuimba kabisa, alilia tu nyuma ya ungo.

"Na huyu," alisema Ambilikile, akijifuta machozi.

"Kaka, chagua mmoja," alisema Bi. Marystella.

"Dada, nawezaje kuwavunja moyo wenzake?"

Mstari wa mbele, mikono imeshika usukani wa baiskeli, Mzee Lameck alikuwa anateseka. Kila sauti iliyoteleza ilimchoma kwenye jino. Kwa Nancy alifumba macho. Kwa wa Itungi aliziba sikio moja. Wa nne alipopandisha noti mahali pa kushusha, mzee alitupa baiskeli chini.

"Basi! Basi! Jamani, nyamazeni kwa jina la Bwana!"

Soko lilinyamaza. Ambilikile alijaribu kumpa nafasi ya kukaa, mzee akamgeukia yeye kwanza.

"Wewe kijana, funga koti. Hakuna anayekuimba."

"Mzee, jina langu..."

"Si jina. Ni neno. Ambilikile. Ameniita. Ninyi nyote ni Wanyakyusa, mmefundishwa Kinyakyusa na watu wa Dodoma?"

Kicheko kilianzia kwa wauza mchele, kikaenda mpaka kwa mafundi baiskeli.

"Sasa nani amemwita?" Ambilikile aliuliza kwa unyonge.

"Si wewe."

Ambilikile alifunga koti, kifungo kimoja kimoja, mpaka juu.

"Ni wimbo wa wito huu," Mzee Lameck aliwageukia wasichana, na sasa alikuwa mazoezini, amesahau alipo. "Hauimbwi kwa kubinya pua. Unavuta pumzi, unangoja, ndipo neno linakuja lenyewe. Hapa kwenye 'ki' linatetemeka kidogo kama maji yakiguswa. Hivi."

Akaimba.

Lazima tueleze jambo ambalo kila mwanakwaya wa Ipinda analijua na mgeni hulikuta ghafla. Mzee Lameck anapowafundisha wanawake sauti ya kwanza huwaonyesha yeye mwenyewe. Mwili wake ni wa mtu anayebeba magunia. Sauti anayoitoa hapo ni nyembamba, ya juu, safi kama ya msichana. Amewafundisha hivyo kila Jumamosi mchana, madirisha yakiwa wazi, na binti mmoja wa sauti ya pili akiwa kwenye benchi la nyuma, anaonekana anasinzia.

"Ambilikileee..."

Neno lilitetemeka pale kwenye "ki". Mwanamke aliyekuwa anapepeta aliacha ungo hewani. Bi. Marystella alisimama taratibu, kiti kikaanguka nyuma yake, hakukitazama.

"Mzee," alisema, "shika huu."

Alimpa ungo wa Nancy, na maua yake.

"Wa nini?"

"Weka usoni. Imba tena."

Mtu akiwa katikati ya kufundisha hafikirii. Mzee Lameck aliweka ungo usoni, akaimba tena. Bi. Marystella alifumba macho. Kisha akafungua simu yake, akachezesha video, akasikiliza sikio moja huku na sikio moja kule.

"Ni yeye!" alipiga kelele. "Mtetemo ule ule! Jamani, Binti Ungo ni mzee!"

Simu zote za Ipinda zilipanda juu kwa wakati mmoja.

"Hapana, hapana," alisema Mzee Lameck, akichungulia kati ya maua. "Dada, kuna kosa. Mimi ni mwalimu tu."

"Mzee Lameck oyee!" mtu alipaza sauti. "Unatazamwa mpaka Dodoma!"

"Dodoma?"

"Mpaka Muscat, mzee!"

"Muscat..." alirudia, kama anayeonja. Akatazama simu zilizoinuliwa. Akanyoosha kola ya koti. "Ngojeni kwanza. Sikusema sitaki. Nimesema kuna kosa."

Nyuma kabisa, karibu na wauza ndizi, alikuwa amesimama msichana mmoja na ungo usoni, na kando yake kijana aliyejifanya hamjui.

"Godwin," ungo ulisema, "Tata ananiibia wimbo wangu."

"Hajui kama anaiba."

"Na anaimba vizuri!"

"Hilo ndilo baya. Angekuwa anaimba vibaya tungempigia makofi, arudi nyumbani."

Mbele, Bi. Marystella alitazama saa yake. "Saa kumi imekaribia, mzee. Gari lile pale. Una begi?"

"Nina baiskeli," alisema Mzee Lameck. Wala hakusema kwa sauti ya mtu anayekataa.

Angetile aliona mgongo wa baba yake ukigeukia gari. Aliona video zote alizoimba katikati ya mikokoa na sisimizi, salamu za watu asiowajua waliomwandikia endelea dada, usiache, vyote vikiingia kwenye gari la Mbeya ndani ya koti la kanisani. Kama angenyamaza sasa, angerudi kwenye benchi la nyuma, sauti ya pili, sare safi.

Alivuta pumzi. Akangoja.

"Ambilikileee..."

Haikuhitaji spika. Vichwa viligeuka kama mpunga ukipitiwa na upepo. Mzee Lameck alisimama, mguu mmoja hewani.

Na hapo ndipo mvua ikaamua.

Mvua ya Kyela haina utangulizi. Ilishuka yote kwa mara moja, kana kwamba mtu juu amepindua karai. Na kila mwenye ungo alifanya kile anachofanya kila mtu wa Kyela akiwa na ungo mvua ikanyesha. Aliuweka kichwani. Nancy aliunyang'anya wake kutoka mikononi mwa mzee, nywele ziliuhitaji. Wote wakakimbilia kwenye baraza, nyuso nje, nyungo juu.

Ungo mmoja tu ulibaki usoni. Ulisimama katikati ya soko tupu, maji yakishuka kwenye nywele za mwenye nao, na uliendelea kuimba.

Bi. Marystella alikuwa chini ya baraza. Alishika mkono wa Ambilikile kwa nguvu.

"Wale wote walikuja waonekane," alisema. "Huyu peke yake amekuja asionekane. Nimekosea. Ni huyu!"

Lakini Mzee Lameck alikuwa amekwisha kuingia mvuani. Alitembea mpaka kwa msichana, koti la kanisani likigeuka rangi, akasimama mbele ya ungo.

"Mtoto wa Ikolo," alisema kwa upole, "shusha ungo."

"Siwezi, baba," ungo ulijibu, kwa sauti iliyobanwa puani.

"Kwa nini?"

"Nina mzazi."

"Kila mtu anaye. Wako ana nini?"

"Amesema akiniona mtandaoni, simu ataipitisha kwenye mashine ya mpunga."

Watu wa barazani walisogea mbele, mvua au si mvua.

"Ana haki," alisema Mzee Lameck. Akafikiri. "Lakini amezidisha. Mtu wa namna hiyo ana roho ngumu. Nitajie jina, nikazungumze naye mzazi kwa mzazi."

"Hutamweza. Ni mbishi."

"Mimi nitamweza. Anafanya kazi gani?"

Ungo uliinama kidogo.

"Ni mwalimu wa kwaya. Ameniweka sauti ya pili."

Mvua ilipiga mabati. Mzee Lameck alitazama ungo ule. Alitazama mikono iliyoushika, na kwenye kidole kimoja alama ya moto ya ugali, mbichi, ya mchana huohuo.

Ungo ulishuka wenyewe, taratibu.

"Ugonile, Tata," alisema Angetile, ingawa hiyo ni salamu ya asubuhi na sasa ilikuwa jioni. Hakupata nyingine.



"Ni wewe uliyekuwa unasinzia," alisema Mzee Lameck.

"Nilikuwa nasikiliza. Ukifumba macho unasikia vizuri."

"Kwa nini hukuniambia una sauti ya kwanza?"

"Hukuniuliza, Tata. Ulinionyesha benchi."

Hakuna aliyecheka. Hata Godwin, ambaye alikuwa anarekodi kila kitu akiwa chini ya kikapu cha ndizi, alishusha simu kidogo, kwa heshima, kisha akaipandisha tena.

Mzee Lameck alipangusa uso kwa mkono wa koti, na kwa kuwa mvua ilikuwa kubwa hakuna aliyeweza kusema anapangusa nini. Kisha akamshika binti yake bega, akamgeuza kuelekea barazani.

"Ni huyu!" alitangaza. "Ni wa kwangu! Ni wa Ipinda!"

"Ulisema wa Ikolo!" alipiga kelele mtu wa Ikolo.

"Nilisema pumzi!"

Bi. Marystella alikuja mbio na mwavuli, akawafunika wote wawili, akawatazama mmoja baada ya mwingine. Mtu aliyekuja kutafuta sauti moja alikuwa amepata mbili, na uso wake haukuonyesha kama hiyo ni faida au ni ajali.

"Sikilizeni," alisema. "Gari langu limejaa vyombo, siti ni moja. Kesho studio ina nafasi ya mwimbaji mmoja, wimbo mmoja. Mwingine aje siku nyingine, Mungu akipenda. Nani anakwenda?"

Angetile alimtazama baba yake, akingoja aseme neno ambalo baba yeyote angelisema.

Mzee Lameck alitazama simu zilizoinuliwa barazani. Alitazama barabara ya Mbeya. Akavuta pumzi.

"Mimi," alisema Angetile.

"Mimi," alisema Mzee Lameck.

Walisema pamoja. Mwavuli ulitikisika. Bi. Marystella aligeuka kumtazama Godwin, kama atapata ushauri kwa meneja, na Godwin alikuwa ameweka mkono mdomoni. Alipogeuka tena, mlango wa gari ulikuwa umefungwa, kioo kimepanda, na ndani yake, kwenye siti ile moja, mtu alikuwa amekwisha kukaa na kufunga mkanda. Ni nani, tutawaambia wiki ijayo.